Picha mpya isiue king'amuzi cha zamani

Mfanyabiashara anayenunua ving'amuzi Luthuli Avenue, Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam, na kuvivusha mpaka kwenda kuviuza upande wa pili, ana hofu moja ambayo muuza vitenge hana. Kitenge kikipitwa na wakati hushushwa bei na bado kitapata wa kukivaa. King'amuzi kikipitwa na wakati hakina wa kukishushia bei. Mtambo wa kurushia matangazo hubadilishwa usiku, na asubuhi yake mzigo wote uliolala stoo umekuwa maboksi ya plastiki yenye waya.

Hofu hiyo inastahili nafasi kubwa zaidi katika mazungumzo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ikitajwa biashara ya mpakani, mawazo hukimbilia mahindi, maziwa, mayai na samaki. Hata utaratibu uliorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo, ule wa cheti chepesi cha asili ya bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000, umewekwa kwa ajili ya vitu vilivyolimwa au kutengenezwa ndani ya jumuiya. King'amuzi kilichotoka China hakimo. Mwenye nacho hulipa ushuru wake, huhakikisha kimeidhinishwa na mamlaka ya mawasiliano ya nchi anayokwenda kuuzia, halafu hubeba pia hatari ya teknolojia yenyewe kubadilika. Hatari hiyo ya mwisho haina bima, na wanaoisababisha si yeye wala mteja wake.

Wengi huichukulia kama mvua ya mawe: ikija imekuja. Si kweli. Kubadili matangazo bila kuua vifaa vya zamani ni ufundi unaojulikana, na mfano wake mzuri kabisa unatoka mahali ambapo hakuna anayepatazama tena, yaani runinga ya 3D, ambayo ilishindwa.

Runinga hiyo ilipamba moto mwaka 2010. Filamu ya Avatar ilikuwa imetoka Desemba 2009 na kujaza kumbi za sinema, na watengenezaji wa runinga walitaka mshangao ule uingie sebuleni. Kombe la Dunia la Afrika Kusini likawa nafasi yao. Mechi 25 kati ya 64 zilipigwa picha za 3D, na nchini Marekani kituo cha ESPN 3D kilianza siku ileile ya ufunguzi, 11 Juni 2010, kwa mechi ya Afrika Kusini na Mexico iliyoisha 1-1 Johannesburg. Uingereza, kampuni ya Sky ilikuwa imeanza na baa mwezi Aprili mwaka huo, na Oktoba ikaingia majumbani.

Jambo lenyewe si gumu kulielewa. Macho ya mtu yameachana kwa sentimita sita na kidogo, kwa hiyo kila jicho huona kitu kilekile kutoka pembe tofauti kidogo, na ubongo hutumia tofauti hiyo kupima umbali. Kamera mbili zikiwekwa bega kwa bega, picha ya kushoto ikafikishwa kwenye jicho la kushoto na ya kulia kwenye jicho la kulia kwa msaada wa miwani, mpira utaonekana kama unatoka kwenye kioo. Ugumu uko kwenye kuzirusha. Picha moja ya HD, yenye nukta 1,920 kwa 1,080 na fremu 25 kila sekunde, ikiachwa bila kubanwa hula takriban megabiti 622 kwa sekunde. Hakuna masafa ya runinga yanayobeba mzigo huo. Ikibanwa kwa mfumo wa H.264 inaweza kushuka hadi megabiti 8 au 10, na hapo stesheni kadhaa hupata nafasi kwenye masafa mamoja. Sasa zilikuja picha mbili badala ya moja, na majumbani kulikuwa na mamilioni ya ving'amuzi vilivyotengenezwa kufungua moja.

Njia ya haraka, ambayo Sky iliichukua, ilikuwa kuzifinya picha zote mbili kwa upana na kuziweka ubavu kwa ubavu ndani ya fremu moja. Kila jicho likapewa safu 960 badala ya 1,920. King'amuzi cha HD kilichokuwa tayari sebuleni hakikujua kwamba kimebeba picha mbili. Kilifungua fremu kama kawaida na kuipeleka kwenye runinga, na runinga ya 3D ndiyo iliyoikata katikati na kuitanua. Hakuna aliyelazimika kununua king'amuzi kipya. Lakini nusu ya ukali wa picha ilipotea, na mwenye runinga ya kawaida akifungulia stesheni hiyo aliona viwanja viwili vyembamba na wachezaji 44. Kwa hiyo ilibidi 3D ipewe stesheni yake peke yake, na mechi hiyohiyo irushwe kwa picha ya kawaida kwenye stesheni nyingine. Kwa anayejua bei ya masafa, hiyo ni njia ghali. Ila ilikuwa ghali kwa mrushaji, si kwa mwenye king'amuzi, na hilo ndilo la kushika.

Njia ya pili ilikuwa ya kisomi zaidi. Inaitwa MVC, nyongeza ya mfumo wa H.264 iliyokamilishwa mwaka 2009. Mwenye duka anaweza kuielewa kwa kufikiria daftari lake. Hakuna anayehesabu stoo nzima kila jioni. Stoo huhesabiwa mara moja, halafu kinachoandikwa kila siku ni kilichoingia na kilichotoka. Video hubanwa hivyohivyo: fremu moja hutunzwa nzima, na zinazofuata huandikwa mabadiliko yake tu. MVC iliongeza duka la pili, mlango wa jirani, lenye bidhaa karibu zilezile. Badala ya kulihesabu upya, karani huandika kwamba ni kama duka la kwanza isipokuwa rafu hii na rafu ile. Picha ya kulia huelezwa kwa kuitazama ya kushoto. Chama cha kampuni za diski za Blu-ray, kilichouchukua mfumo huo kwa ajili ya filamu za 3D, kilisema kwamba picha mbili kwa kawaida huchukua asilimia 50 zaidi ya nafasi ya picha moja. Mzigo wa pili uliingia kwa nusu ya nauli.

Lakini kwa mwenye mali stoo, jambo kubwa katika MVC si nauli. Kila pakiti ya H.264 huanza na namba inayotaja aina yake. Waliotunga kanuni mwaka 2003 waliacha namba kadhaa bila kazi, wakaweka sharti: king'amuzi kikikutana na namba kisiyoijua, kisigande wala kuzima picha, bali kiitupe pakiti hiyo na kuendelea na kazi. Miaka sita baadaye picha ya jicho la kulia iliwekwa kwenye pakiti zenye namba 20, mojawapo ya zile zilizoachwa. King'amuzi cha zamani kilizitupa na kuonyesha picha ya kushoto, kamili, kwa ukali wake wote wa HD, bila mwenye nyumba kujua kwamba kuna kilichotupwa. King'amuzi kipya kilizisoma zote. Mkondo ulikuwa mmoja na wateja wa aina mbili, na hakuna aliyefukuzwa mlangoni.

Sharti lile la mwaka 2003 lilikuwa sentensi chache kwenye kitabu cha kanuni. Halikuhitaji mtunzi wake ajue ni kitu gani kitakuja. Lilihitaji akubali tu kwamba kuna kitu kitakuja, na kwamba watu watakuwa tayari wameshanunua.

Korea Kusini walikwenda mbali zaidi. Runinga za huko zilikuwa za MPEG-2, mfumo wa miaka ya 1990 unaokula nafasi nyingi, na masafa ya kila mrushaji yana upana wa megahezi 6 tu. Walichofanya ni kuiacha picha ya kushoto kwenye MPEG-2 ili runinga zote za zamani ziendelee, na kuibana picha ya kulia kwa H.264 ili itoshe kwenye nafasi iliyobaki. Ni kama kufunga mzigo mmoja nusu kwa magunia na nusu kwa maboksi. Haipendezi machoni, lakini lori liliondoka na kila mwenye runinga alifikishiwa chake.

Wazo hili ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Redio ya FM ya stereo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1961, huiweka jumla ya sauti ya kushoto na ya kulia palepale redio ya spika moja inaposikiliza, na tofauti kati ya sauti hizo ikawekwa juu zaidi, ambako redio ya spika moja haifiki. Ndiyo maana redio ndogo ya betri inayouzwa Busia hupokea stesheni ya stereo bila kukosa sauti ya gitaa hata moja. Runinga ya rangi nayo ilitumia wazo hilohilo: mwangaza wa picha ulibaki pale ulipokuwa, rangi ikaongezwa pembeni, na runinga ya nyeusi na nyeupe ikaipita rangi bila kuigusa. Kenya, iliyokuwa na runinga tangu mwaka 1962, ilihitaji huruma hiyo. Zanzibar ilianza moja kwa moja na rangi miaka ya 1970, kwa hiyo haikuwa na runinga za zamani za kuhurumia.

3D yenyewe haikudumu. ESPN 3D ilifungwa mwaka 2013, BBC ikasimamisha mpango wake mwaka huohuo, stesheni ya Sky 3D ikafuata mwaka 2015, na mwaka 2017 LG na Sony, kampuni kubwa za mwisho kuuza runinga hizo, ziliacha kuzitengeneza. Watu hawakutaka kuvaa miwani kutazama taarifa ya habari, na vipindi vyenyewe vilikuwa vichache. Pamoja na hayo, hasara yake ilianguka mahali pazuri. Walioingia gharama kubwa ni warushaji na watengenezaji, ambao ndio waliotaka jambo hilo litokee. Aliyenunua runinga ya 3D alibaki na runinga nzuri ya kawaida. Mwenye king'amuzi alibaki na king'amuzi kinachofanya kazi, na muuzaji alibaki na stoo inayouzika.

Teknolojia iliyofanikiwa ina rekodi mbaya zaidi, na rekodi hiyo iko Afrika Mashariki.

Desemba 2009 Rais Mwai Kibaki alizindua matangazo ya majaribio ya runinga ya dijitali nchini Kenya kwa mfumo wa DVB-T. Wananchi waliambiwa wakati ujao umefika, na baadhi yao walikwenda kununua ving'amuzi. Miezi michache tu kabla ya hapo, Septemba, kanuni za mfumo uliofuata, DVB-T2, zilikuwa zimechapishwa Ulaya, na Desemba hiyohiyo Uingereza ilianza kuutumia. Haukupita muda mrefu Kenya nayo ikaamua kuhamia T2. Uamuzi wenyewe ulikuwa sahihi. T2 hubeba angalau asilimia 30 zaidi kwenye masafa yaleyale, na Novemba 2010 nchi za SADC, Tanzania ikiwa mojawapo, ziliuchagua mfumo huohuo. Makosa yalikuwa kwenye mpangilio.

Kati ya DVB-T na T2 hakuna namba 20. Kilichobadilika ni namna mawimbi yenyewe yanavyobeba taarifa na namna makosa ya njiani yanavyosahihishwa. King'amuzi cha DVB-T kikielekezwa kwenye mawimbi ya T2 hakioni pakiti ya kuitupa, kwa sababu hakioni pakiti yoyote. Ving'amuzi vingi vya T2 husoma DVB-T pia, lakini kinyume chake hakiwezekani. Kwa hiyo waliobaki na maboksi yasiyo na kazi ni wale walioitikia mwito wa serikali mapema kuliko wenzao, na pamoja nao wauzaji waliojaza bidhaa hiyo dukani. Waliochelewa, waliosema ngoja tuone, ndio waliopona. Ni vigumu kufikiria somo baya zaidi la kumpa mnunuzi wa teknolojia mpya, na ving'amuzi vya baadaye vilikuta mteja mwenye kumbukumbu.

Waingereza waliuanza mfumo huohuo mwezi huohuo, lakini hawakuwa na msiba wa namna hiyo. Walichukua fungu moja tu la masafa wakaligeuza kuwa T2 kwa ajili ya stesheni za HD, na mafungu mengine wakayaacha kwenye DVB-T. Aliyetaka HD alinunua kipya, asiyetaka aliendelea na cha zamani, na hadi leo sehemu kubwa ya matangazo ya kule yanapokelewa na king'amuzi cha DVB-T. Wajerumani walifanya kinyume na hapo, lakini kwa adabu. Tarehe 29 Machi 2017 walianza kuizima DVB-T na kuhamia T2 yenye kubanwa kwa H.265, na king'amuzi cha zamani hakikuwa na nafasi. Ila matangazo ya awali ya mfumo mpya yalikuwa yameanza Mei 2016, tarehe ya kuzima ilijulikana mapema, na vifaa vilivyofaa vilipewa nembo yao ya kijani ambayo mteja aliiona kwenye boksi dukani. Muuzaji wa huko alijua lini aache kuagiza cha zamani.

Afrika Mashariki kila nchi ilikwenda kwa saa yake. Dar es Salaam ilianza kuzima analojia tarehe 31 Desemba 2012. Nairobi ilizima Februari 2015, baada ya mivutano ya mahakamani, na Kampala ikafuata Juni mwaka huo. Zaidi ya miaka miwili ilipita kati ya wa kwanza na wa pili. Kwa waziri hiyo ni ratiba ya ndani ya nchi. Kwa aliyeko Namanga, Sirari, Mutukula au Malaba ni masoko mawili tofauti yaliyotenganishwa na kizuizi cha barabarani: bidhaa iliyokufa upande mmoja ikiwa hai upande wa pili, kwa muda ambao hakuna aliyemwambia utaisha lini. Mawimbi hayasimami mpakani kugonga muhuri wa pasipoti, lakini kanuni zake husimama.

Mabadiliko yajayo yanaonekana tayari. Mfumo wa H.265 hutoa picha yenye ubora uleule wa H.264 kwa takriban nusu ya megabiti, na mwaka 2020 ulikamilishwa mwingine, H.266, unaolenga kupunguza nusu nyingine. Masafa ya juu yaliyokuwa ya runinga yameelekezwa kwenye simu za mkononi, kwa hiyo warushaji wamebaki kwenye chumba kidogo zaidi na watataka kubana zaidi. Hapo kuna mtego ambao kila mwenye duka anapaswa kuujua. Maandishi DVB-T2 juu ya boksi yanaeleza mawimbi, hayaelezi namna picha ilivyobanwa. Ving'amuzi viwili vinaweza kuwa na umbo moja, bei inayokaribiana na maandishi yaleyale ya T2, kimoja kikiishia H.264 na kingine kikifungua H.265. Cha kwanza kinauzika leo. Mrushaji akihama, kitapokea mawimbi vizuri kabisa na kuonyesha kioo cheusi. Mjerumani aliyeagiza king'amuzi cha T2 kilichotengenezwa kwa soko la Uingereza aliijua taabu hiyo. Anayeagiza mzigo sasa hivi amuulize muuzaji wa jumla kuhusu H.265, au HEVC kama inavyoandikwa pia, na asikubali kujibiwa T2.

Hata ile hila ya 3D imerudi, safari hii kwenye simu. Mfumo wa H.265 uliongezewa mwaka 2014 uwezo wa kubeba picha za macho mawili, na tangu mwaka 2023 simu ya iPhone 15 Pro hurekodi video za namna hiyo kwa ajili ya kutazamwa kwa miwani maalumu. Mwenye simu ya kawaida akitumiwa video hiyo huiona bapa, kama video nyingine yoyote, wala hajui kwamba kuna nusu aliyonyimwa. Kampuni inayouza simu ya bei kubwa namna ile iliona haja ya kutomkosea mwenye simu ya zamani. Mamlaka za umma, zinazosimamia masafa ya wananchi, zina sababu zaidi ya kuona haja hiyohiyo.

Kwa hiyo nchi za jumuiya zinapaswa kukubaliana, kabla mrushaji yeyote hajahama, kwamba gharama ya mabadiliko ibebwe kwanza na mkondo. Panapowezekana kuongeza kipya bila kugusa cha zamani, iongezwe hivyo na iwe lazima. Pasipowezekana, cha zamani na kipya virushwe pamoja kwa muda uliotangazwa. Chombo cha kulisimamia hilo kipo: mamlaka za mawasiliano za kanda hukutana chini ya EACO, yenye makao yake Kigali, na sekretarieti ya jumuiya iko Arusha. Hakuna haja ya kuunda kamati mpya, na kamati mpya zimezidi.

Warushaji watajibu kwamba kurusha mara mbili ni kuwafilisi. Pingamizi hilo ni la haki na linastahili hesabu. Stesheni ya HD inayotumia megabiti 8 kwa H.264 itahitaji takriban 4 kwa H.265. Zikirushwa zote mbili ni 12, yaani nusu zaidi ya inavyotumia leo, kama ilivyokuwa kwa picha ya jicho la pili. Ni mzigo wa kweli, ila una mwisho: siku ya kuzima cha zamani mrushaji anabaki na 4, na nusu ya nafasi yake ya awali inarudi mkononi. Kuna pia njia ya Waingereza ya kutohamisha stesheni zote kwa wakati mmoja. Stesheni za taifa na za habari zinaweza kubaki kwenye mfumo wa zamani hadi mwisho, na sinema na michezo ya kulipia zikatangulia, kwa kuwa mteja wake ndiye mwenye uwezo wa kununua boksi jipya. Wala hakuna anayedai king'amuzi cha mwaka 2012 kitunzwe milele. Korea ililipia kwa muda mrefu ubahili wa kuishi na MPEG-2 kwenye masafa membamba, na huko si kwa kuiga.

Mamlaka zina wajibu mwingine ulio mwepesi zaidi, kwenye ukaguzi wa vifaa. King'amuzi kinapoombewa idhini, kijaribiwe kwa mawimbi ya leo, kisha kirushiwe pakiti za aina kisizozijua, kionekane kama kitazitupa na kuendelea au kitaganda. Boksi la bei rahisi lililotengenezwa bila kufuata kanuni linaweza kupita jaribio la kwanza na kuanguka la pili, na anayelipia anguko hilo miaka mitatu baadaye ni fundi wa mtaani na muuzaji aliyemhakikishia mteja kwamba ni kizuri. Jaribio la namna hiyo linafanyika mezani kwa siku moja. Nchi moja ikishalifanya, nyingine ziukubali muhuri wake, maana pakiti namba 20 ni ileile Bujumbura na Mombasa.

Kuhusu nembo, iwe moja kwa kanda nzima, ya rangi inayoonekana, ikitaja mawimbi na namna ya kubana kwa pamoja. Na tarehe ya kuzima itangazwe nchi zote siku moja, kwa Kiswahili, kwenye ofisi za forodha pia na si kwenye gazeti la serikali peke yake, miezi isiyopungua 18 kabla. Muda huo si wa kubahatisha. Mzigo unaoagizwa China hutengenezwa, husafirishwa baharini, hutolewa bandarini Mombasa au Dar es Salaam na kulipiwa ushuru hapohapo chini ya himaya moja ya forodha, ndipo uende bara kwa lori na kuuzwa kimoja kimoja dukani kwa miezi mingi. Tangazo la miezi mitatu likitolewa Kigali pekee, ving'amuzi vilivyoelekezwa Rusumo vitakuwa baharini tayari.